Kutoka Atlanta hadi Dholakpur

Ted Turner alikuwa na filamu nyingi kuliko saa za kuzionyesha. Mwaka 1986 mfanyabiashara huyu wa Atlanta, ambaye miaka sita nyuma alikuwa ameanzisha CNN, aliinunua kampuni kongwe ya filamu ya MGM. Deni likamwelemea. Haikupita miezi mingi akalazimika kuuza majengo, mitambo, hata jina lenyewe, ila kitu kimoja hakukubali kukiachia: ghala la filamu za zamani. Wajuzi wa fedha walisema amelanguliwa. Katika ghala hilo walikuwamo Tom na Jerry, na pia katuni nyingi za mwanzo za Bugs Bunny na Popeye, ambazo haki zake zilikuwa zimepita mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Mwaka 1991 akaongeza studio ya Hanna-Barbera, yenye akina Flintstone, Yogi na Scooby-Doo, kwa dola milioni 320, akichangia na mwekezaji mwenzake.

William Hanna na Joseph Barbera ndio waliowabuni Tom na Jerry mwaka 1940, wakiwa waajiriwa wa MGM. Kampuni ilipoifunga idara yao ya katuni mwaka 1957, walitoka wakaanzisha studio yao na kuanza kuchora kwa ajili ya televisheni. Kwa ununuzi wa 1991, kazi zao za mwanzo na za baadaye zikawa za mwenye mali mmoja. Turner alikuwa amepata shamba la minazi lililopandwa na wengine: gharama ya kupanda ilikwisha kulipwa zamani, na nazi zinaendelea kuanguka. Sinema ya watu wazima huzeeka, kwa sababu mavazi hupitwa na waigizaji husahaulika. Paka anayemkimbiza panya, aliyechorwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, bado humchekesha mtoto wa miaka minne, na kila baada ya miaka michache watazamaji huwa wapya kabisa.

Tarehe 1 Oktoba 1992 ghala hilo likapewa mlango wake. Cartoon Network ilianza kurusha katuni saa 24 nchini Marekani, Betty Cohen akiwa rais wake wa kwanza. Mwishoni mwa Aprili 1993 ilikuwa imeingia Amerika ya Kusini. Septemba mwaka huohuo ikafika Ulaya, na Oktoba 1994 ikafika Asia. Ni chaneli chache zilizowahi kutoka nyumbani kwa kasi hiyo, na mwendo ule ulitokana na mambo mawili yanayostahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndiyo yaliyoamua nini watoto wa nchi nyingi wangeona, na nini wasingeona, kwa muda mrefu.

La kwanza ni hakimiliki. Kituo cha kawaida hununua haki za kurusha kipindi kwa nchi fulani na kwa miaka fulani, kwa hiyo kikitaka kuvuka mpaka lazima kijadiliane upya na kila mwenye mali. Turner hakuwa na wa kumwomba. Katuni zilikuwa zake, popote pale.

La pili ni sauti. Setilaiti inaweza kubeba picha moja ikiwa na njia kadhaa za sauti, na mtazamaji akachagua lugha. Picha ndiyo mzigo mzito; sauti ni nyepesi na haichukui nafasi kubwa. Sasa katuni inaupenda mpangilio huo kuliko kipindi kingine chochote. Mwigizaji wa kweli akiingiziwa sauti ya mtu mwingine, midomo yake humsaliti, lakini dubu wa kuchora hana midomo ya kumsaliti. Hanna na Barbera walikuwa wamebana matumizi kwa kuchora mwili ukiwa umetulia na kubadilisha maumbo machache tu ya mdomo. Ubanaji uleule, uliowaletea lawama nyingi za wapenda sanaa, ukageuka baraka: Yogi angeweza kusema Kihispania asubuhi na Kireno mchana bila mtoto kuona kasoro. Tom na Jerry ndio kabisa, maana hawakuwa na maneno ya kutafsiri.

Ndiyo maana chaneli ilienda mbali kabla haijatengeneza karibu chochote kilicho chake. Vipindi vilivyoijengea jina, kama Dexter's Laboratory wa 1996 na The Powerpuff Girls wa 1998, vilikuja baada ya chaneli kuwa tayari imetandaa mabara manne. Dunia ilikuwa imefunguliwa kwa kazi za babu zao.

Ulaya haikuipokea kwa mikono miwili. Chaneli ilirushwa kutoka London kuanzia tarehe 17 Septemba 1993, ikigawana masafa na TNT, chaneli nyingine ya Turner: mchana katuni, jioni sinema za zamani kutoka ghala lilelile. Mwaka 1989 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikuwa zimekubaliana kwamba vituo vya televisheni, pale inapowezekana, vitenge sehemu kubwa ya muda wao kwa kazi za Ulaya. Hapa sasa ilikuwa imeingia chaneli ambayo takriban kila dakika yake ilitoka California. Ufaransa, iliyokuwa katikati ya mabishano makali na Marekani kuhusu biashara ya filamu, ilikasirika waziwazi. Ubelgiji ilijaribu kuzuia kampuni za kebo za Brussels kuisambaza. Kesi ikafika Luxembourg, na mwaka 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba nchi mwanachama haiwezi kuzuia matangazo yaliyoruhusiwa kisheria katika nchi nyingine mwanachama kwa hoja kwamba hayakutimiza kiwango hicho cha kazi za Ulaya. Uingereza ilikuwa imetoa kibali, na kibali hicho kilitosha.

Chaneli ilishinda, na kwa sheria ilivyoandikwa ilistahili kushinda. Hata hivyo, swali la Wabelgiji na Wafaransa lilikuwa la haki. Mtoto hukaa mbele ya televisheni akiwa katika umri wa kujifunza nani ni shujaa, nyumba ya heshima inafananaje, chakula kizuri ni kipi, na watu wazima huzungumzaje na wadogo. Kama majibu yote yanatoka mji mmoja, mtoto wa Lyon au Liège hukua akiamini kwamba mambo ya kusisimua hutokea kwingine. Kosa la waliopinga lilikuwa kudhani kwamba jibu ni kufunga mlango. China ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo: kuanzia Septemba 2006 vituo vyake vilikatazwa kurusha katuni za kigeni kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku, muda ambao watoto wamerudi kutoka shule. Studio za ndani zilipata nafasi kwa amri ya serikali. Nchi nyingine zilizipatia nafasi studio zao kwa njia tofauti, na iliyofika mbali kuliko zote ni India.

Watoto wa India walikuwa wamekwisha kuonyesha wanachokipenda kabla Cartoon Network haijatua. Mwaka 1993 Doordarshan, televisheni ya taifa, ilirusha katuni ya Kijapani iliyotokana na hadithi za Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwamwitu. Wahindi hawakuiacha jinsi ilivyokuja. Waliitia sauti za Kihindi, wakampa mshairi Gulzar kazi ya kuandika wimbo wa kufungulia kipindi, na Vishal Bhardwaj akautungia muziki. Michoro ilitoka Tokyo, lakini wimbo ule uliingia katika kila nyumba yenye televisheni kana kwamba ulizaliwa mtaani. Watu wazima wa leo waliokulia India ya wakati ule wanaukumbuka wote.

Cartoon Network ilipoanzisha matangazo yake ya India mwaka 1995 ilifika kwa Kiingereza, ikipitia nyaya za wasambazaji wadogo waliokuwa wakiziburuza kutoka paa hadi paa katika miji mikubwa. Familia zilizokuwa na Kiingereza zilifurahi. Wengine walitazama picha. Ndani ya miaka michache wasimamizi wa chaneli walielewa kwamba wamefungua duka kwa wateja wachache katika soko la mamia ya milioni, wakaanza kuingiza sauti za Kihindi, halafu za Kitamil. Tofauti ilikuwa kubwa. Vichekesho havikutafsiriwa neno kwa neno. Waandishi waliruhusiwa kutafuta mzaha unaolingana na ule wa asili, na sauti zilichaguliwa kwa masikio ya Mumbai na Chennai. SWAT Kats, kazi ya Hanna-Barbera iliyodumu muda mfupi kwao Marekani, ilipata mapenzi makubwa India.

Lakini sauti ni nusu ya safari. Chaneli iliporusha filamu ya Ramayana, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa ushirikiano wa Yugo Sako na mchoraji mkongwe wa India Ram Mohan, watoto walimwona mwana wa mfalme Rama na tumbili Hanuman wanaowajua kutoka kwa bibi zao. Mwaka 2003 ikafuata The Adventures of Tenali Raman, mfululizo uliochorwa na studio ya Toonz huko Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa nchi. Tenali ni mcheshi wa ikulu ya Vijayanagara, mwerevu anayewashinda wakubwa kwa maneno yake; msomaji wa Kiswahili akimtazama kwa dakika tano atamtambua ndugu yake Abunuwasi. Chaneli ya Atlanta sasa ilikuwa ikilipia hadithi ambazo Atlanta haikuwahi kuzisikia.

Tarehe 1 Januari 2004 kampuni ya Turner ikafungua chaneli ya pili, Pogo, iliyobuniwa mahsusi kwa India. Ushindani ulikuwa umepamba moto. Mwaka huohuo ikaanzishwa Hungama TV, iliyowaletea watoto Doraemon, paka wa chuma wa Kijapani, kwa Kihindi. Doraemon alipendwa kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote anayejua maisha ya nyumba za Asia: mvulana hajafanya kazi ya shule, mama anagomba, mbabe wa mtaani anamsubiri nje. Chumba ni cha Tokyo, ila fadhaa ile ni ya Lucknow pia. Katuni za Kimarekani zenye watoto wanaowajibu wazazi wao wanavyotaka zilianza kuonekana za mbali.

Katika mazingira hayo alizaliwa Bheem. Rajiv Chilaka alikuwa ameanzisha studio yake, Green Gold, mjini Hyderabad mwaka 2001, na tayari alikuwa amewatengenezea Cartoon Network kipindi cha ngano za Vikram na Betal. Bheem alimtoa katika Mahabharata, ambamo Bhima ni shujaa mwenye nguvu za ajabu na tumbo lisiloshiba. Chilaka alimfanya kuwa mtoto wa miaka tisa katika kijiji cha kubuni kiitwacho Dholakpur, akamvika shuka la kijijini, akampa marafiki: Chutki msichana mwerevu, Raju mdogo asiyeogopa, tumbili Jaggu, na hasimu mwenye majivuno, Kalia. Nguvu zake Bheem huzipata kwa kula laddu, kitamu cha mviringo kinachopikwa katika kila sherehe ya Kihindi. Chhota Bheem ilianza kurushwa na Pogo Aprili 2008.

Tuseme kweli kuhusu ubora wake. Miondoko ya misimu ya kwanza ni migumu, nyuso hazina hisia nyingi, na visa hujirudia. Mtu akiiweka kando ya kazi za California za mwaka huohuo ataona pengo la fedha na vifaa. Watoto hawakulijali pengo hilo. Waliona udongo wanaoukanyaga, mfalme wa ngano zao, na kitamu kilichomo jikoni mwao saa ileile. Bheem akawa kipenzi nambari moja cha Pogo na mmoja wa wahusika wa katuni wanaojulikana zaidi nchini. Mwaka 2012 akaingia kumbi za sinema, na picha yake ikawa kwenye mabegi ya shule, chupa za maji na fulana, kupitia maduka ambayo Green Gold iliyafungua yenyewe.

Maduka hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Studio ndogo inayouza kila haki kwa kituo hulipwa mara moja na kuanza tena mwanzo. Inayobaki na sehemu ya mali hupata fedha za kuajiri wachoraji, kufundisha wapya na kubuni mhusika anayefuata. Pogo nayo haikuwa imefanya hisani. Ilipata kipindi ambacho hakuna mshindani angeweza kukinunua Los Angeles wala Tokyo. Na ilikuwa na subira: Bheem alipewa msimu wa pili, wa tatu na mingine mingi, ndipo mkono wa wachoraji ukakomaa. Hilo ndilo jambo ambalo mikutano mingi kuhusu sanaa ya katuni barani Afrika hulipita haraka, na ndilo linalofaa kushikiliwa.

London nako mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 2007 Cartoon Network ilifungua huko studio ya kubuni vipindi, na Mfaransa Ben Bocquelet akaja na wazo la shule inayosomwa na wahusika wasiofanana kabisa, kila mmoja kachorwa kwa mtindo wake, wote wakiwekwa juu ya picha za mitaa ya kweli. Baadhi yao alikuwa amewabuni kwa ajili ya matangazo ya biashara wakakataliwa. The Amazing World of Gumball ilianza kurushwa Mei 2011, na Marekani ilipendwa kama kazi yoyote ya wenyeji. Miaka kumi na minane baada ya Ulaya kulalamikia mzigo unaotoka ng'ambo, mzigo ulikuwa unavuka bahari kurudi.

Katika nchi za Kiarabu chaneli ilichelewa, na ilipokuja ilimkuta mwenyeji. Spacetoon ilikuwa ikirusha tangu mwaka 2000 katuni, nyingi za Kijapani, zilizoingizwa sauti Damascus kwa Kiarabu fasaha, lugha ambayo mtoto wa Moroko na mtoto wa Oman wote wanaielewa darasani ingawa mitaani kila mmoja ana lahaja yake. Hata Muscat, katika nyumba ambazo bibi aliyetoka Unguja bado huamkia kwa Kiswahili, wajukuu walijifunza nyimbo za Spacetoon kwa moyo. Cartoon Network ya Kiarabu ilifunguliwa Oktoba 2010, ikirushwa bila malipo, na kwa hilo ilikiri kwamba katika eneo hili chaneli ya watoto isiyozungumza lugha ya watoto haina pa kukaa.

Afrika kusini mwa Sahara ilipata utaratibu mwingine. Chaneli iliingia kwa dishi la DStv, lililoanza kazi mwaka 1995, na ikaja kwa Kiingereza. Kwa familia ya Dar es Salaam au Nairobi ilikuwa ni sehemu ya kifurushi cha kulipia kila mwezi, kwa hiyo uzio wa kwanza ulikuwa fedha. Watoto wa jirani waliuruka uzio huo kwa njia inayojulikana: walijaa sebuleni kwa mwenye king'amuzi mpaka walipoitwa nyumbani. Uzio wa pili ulikuwa lugha. Wako watoto wengi waliookota Kiingereza chao cha kwanza hapo, na hiyo ni faida. Lakini mpaka Ben 10, mmoja wa mashujaa wa chaneli hiyo, anaimaliza misimu yake, mtoto wa Kariakoo alikuwa anazijua barabara za miji ya Marekani zenye bomba jekundu la maji ya zimamoto, na hajawahi kuona daladala, kanga au mbuyu ndani ya katuni.

Uwezo haukukosekana, na ushahidi uko Nairobi. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na chaneli ya watoto ya BBC, CBeebies, mwaka 2010, ilichorwa katika studio ya Homeboyz katika mji huo. Mtindo wake unatokana na michoro ya Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania aliyeanza kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, na muziki ulitungwa na Eric Wainaina. Visa vilikuwa 52, kila kimoja kikieleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, kwa namna ya ngano zetu za jioni. Vijana wengi wa Kenya walijifunza kazi humo. Wenye kipindi, hata hivyo, walikuwa London, na visa vilipokwisha hakukuwa na kituo cha Afrika Mashariki kilichosimama kuagiza vingine. Hapo ndipo Nairobi ilipotofautiana na Hyderabad.

Cartoon Network yenyewe ilipoamua kutafuta vipaji vya bara hili, mwaka 2018, ilitangaza shindano la visa vifupi vya katuni. Ridwan Moshood wa Lagos, kijana aliyejifunza kuchora katuni kwa kutazama masomo ya YouTube katika vibanda vya intaneti, alishinda kwa Garbage Boy and Trash Can: shujaa mdogo na rafiki yake, pipa la taka. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu chaneli ifungue matangazo ya India. Kuchelewa kule hakukuwa kwa lazima.

Dar es Salaam haikungoja. Mwaka 2013 watu watano, miongoni mwao Nisha Ligon na ndugu Cleng'a na Thomas Ng'atigwa, walianzisha Ubongo, na Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kurushwa na TBC1. Kijiji chake kinaitwa Kokotoa, na watoto wake, akina Kiduchu, Koba, Kibena, Amani na Baraka, hutatua mafumbo ya hesabu kwa hadithi na nyimbo. Kipindi kilianza kwa Kiswahili, bila malipo, kwenye televisheni ambayo hata nyumba yenye antena tu iliweza kuipata. Watazamaji walijibu maswali kwa ujumbe wa simu za kawaida kabisa. Baadaye akaja Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akisinzia huingia Lala Land, anakojifunza herufi, namba na rangi pamoja na rafiki zake wanyama.

Akili hakubuniwa kwa kubahatisha. Watafiti wakiongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland walifuatilia watoto zaidi ya mia tano mkoani Morogoro. Kundi moja lilitazama Akili and Me kwa wiki kadhaa, jingine likatazama vipindi vingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliomtazama Akili waliwapita wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na Kiingereza. Kwa mzazi anayesikia kila siku kwamba televisheni inaharibu watoto, hiyo ni habari ya kuishika.

Kisha Ubongo ikavuka mipaka, na hapa inafaa kuiweka kando ya ile chaneli ya Atlanta. Yenyewe haina chaneli wala setilaiti. Inavipatia vituo vya nchi mbalimbali vipindi vyake, na inaingia kila nchi kwa lugha ya hapo: Kinyarwanda kwa Rwanda, Kihausa kwa kaskazini mwa Nigeria, Kifaransa na Kiingereza kwa wengine. Kazi hii ni ngumu kuliko kumtafsiri Yogi. Wimbo lazima ubaki na mizani na ucheshi wake huku somo likibaki sahihi. Kipindi kinachofundisha herufi hakiwezi kubadilishiwa sauti peke yake, kwa kuwa mnyama aliyechorwa pembeni ya herufi huenda jina lake linaanza na herufi nyingine katika lugha mpya. Picha yenyewe lazima ichorwe upya. Faida ya picha moja yenye sauti nyingi, iliyompeleka Turner mabara manne kwa miaka miwili, hapa haipo.

Nchini Kenya, tarehe 31 Machi 2020, ilizaliwa Akili Kids!, chaneli ya watoto inayopatikana bila malipo ya mwezi. Shule zilikuwa zimefungwa wiki mbili kabla kwa sababu ya korona. Mamilioni ya watoto walikuwa wamekaa nyumbani, na kwa wengi wao, wasio na intaneti wala kompyuta, televisheni ya sebuleni ndiyo ilikuwa dirisha pekee. Humo huonekana katuni za ndani na za nje, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Huku hayo yakiendelea, chaneli kubwa zinafunga milango. Disney Channel ilizimwa Uingereza mwaka 2020, kwa sababu watoto wa huko wamehamia kwenye huduma za intaneti na YouTube. Bheem naye amehama: tangu 2019 yupo Netflix kama mtoto mchanga katika Mighty Little Bheem, mfululizo usio na mazungumzo, unaotazamwa hata na watoto wasioijua India.

Afrika Mashariki haiwezi kuinakili hali hiyo jinsi ilivyo. Kifurushi cha intaneti bado ni ghali kwa familia nyingi, na televisheni ya bure pamoja na redio ndizo zinazofika vijijini. Kwa hiyo vituo vya taifa, TBC, ZBC, KBC na wenzao, vina nafasi ambayo Pogo ilikuwa nayo mwaka 2008. Kurusha katuni kuukuu za nje ni rahisi na ni nafuu kuliko kuagiza dakika moja mpya ya kuchorwa Dar es Salaam au Kampala, na bajeti inapobanwa kipindi cha watoto ndicho hukatwa kwanza, kwa sababu watoto hawana wa kuwasemea katika kikao hicho. Mpaka sasa gharama za kumchora Akili na wenzake zimebebwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, ambao mikataba yao ina tarehe ya kwisha. Kinachotakiwa kwa vituo vyetu ni ahadi ya kuagiza visa vya miaka mitatu au minne mfululizo kutoka studio moja, vikikubaliana nayo mapema nani atamiliki wahusika, na vituo viwili au vitatu vinavyotumia Kiswahili vikichangia bili.